Ngiri ya kinena: wavu unashikwa na nini?

Hapa Luvungi tunabeba: mihogo, kuni, maji, gunia za mchele. Waume wetu nao wanabeba. Ndiyo maana uvimbe wa kinena, yaani ngiri, ambayo wengi tunaiita erni, unajulikana katika nyumba nyingi. Tundu limefunguka katika ukuta wa tumbo, na utumbo unasukumwa nje. Dawa ya kunywa au kuchanja haizibi tundu. Kwa mtu mzima, linazibwa kwa operesheni, na mara nyingi docta anaweka wavu mdogo wa plastiki ili pasifunguke tena.

Wavu huo unashikwa na nini? Katika operesheni ya kupasua mbele, unashonwa kwa uzi. Katika operesheni ya matundu madogo, docta anaingiza kamera na vyuma vyembamba, kisha anatandaza wavu nyuma ya misuli. Hapo kuna njia tatu: kuupigilia kwa pini ndogo, kuubandika kwa gundi ya hospitali, au kuuacha bila kitu. Msishangae. Ukiweka kiraka kwa ndani ya gunia lililotoboka, mchele wenyewe unakisukuma kibaki pale. Tumbo nalo hufanya vivyo hivyo.

Pini zinashika vizuri, lakini zikigusa mshipa wa fahamu zinaweza kuleta maumivu ya miezi mingi. Gundi haichomi. Miongozo ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2018 inasema ngiri nyingi hazihitaji kupigiliwa pini katika njia hii. Tundu kubwa la upande wa ndani ndilo linalohitaji kushikizwa. Miongozo hiyo inashauri wanawake wafanyiwe njia ya matundu madogo pale ilipo, kwa sababu sisi hupata zaidi ngiri ya juu ya paja, ambayo hujificha na hunyonga utumbo upesi.

Lakini njia hiyo inataka kamera, usingizi kamili na docta aliyefundishwa. Bukavu, katika hospitali ya Panzi, Profesa Guy-Bernard Cadière wa Brussels amefanya operesheni za kamera pamoja na Docta Denis Mukwege. Asiyeweza kufika huko asikate tamaa: operesheni ya kupasua mbele ni nzuri pia.

Hata bei ya wavu imepata jibu karibu nasi. Mashariki mwa Uganda, wanaume 302 waligawanywa: wengine wavu wa kiwandani wa dola 125 hivi, wengine wavu wa kitambaa cha chandarua, uliosafishwa kihospitali, wa dola 1 hivi. Matokeo yalitolewa mwaka 2016. Baada ya mwaka mmoja, ngiri ilirudi kwa mtu mmoja tu, wa kundi la chandarua. Lakini chandarua cha kitandani kisipelekwe kwa docta. Kile kilitayarishwa kwa kazi hiyo.

Kabla ya operesheni, mama, uliza: Utatumia wavu? Utaushika kwa nini? Nitabeba mzigo lini?

Na uvimbe ukiwa mgumu, unauma, haurudi ndani, na mtu anatapika au hapati choo, usiukandamize wala usingoje kesho. Hospitali siku ileile. Utumbo ulionyongwa huoza, na mtu hufa.