Picha ya Kiuno Haitoshi

Miongoni mwa abiria wanaoteremka botini Dar es Salaam kutoka Unguja na Pemba wamo wagonjwa waliokuja kutafuta tiba, na ambao hufikia kwa jamaa zao wa Temeke, Mbagala au Kinondoni. Baadhi yao miguu imekuwa mizito, ganzi imepanda hadi kifuani, haja ndogo haizuiliki. Huambiwa wakapige picha ya MRI, nao huuza walicho nacho wakapige. Leo tunataka kuuliza ni sehemu gani ya mwili inayopigwa picha hiyo.

Yapo mazoea ya kumwandikia mtu wa namna hii picha ya kiuno, eti kwa kuwa kinachomsumbua ni miguu. Lakini uti wa mgongo, ile kamba ya fahamu ipitayo ndani ya pingili, kwa mtu mzima hukomea kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo ni mizizi ya neva tu. Kasoro iliyoko shingoni haitaonekana hata mashine iwe mpya namna gani, na mgonjwa hurudi Mbagala na bahasha isemayo kuwa hana neno.

Katika maradhi yanayopotea hivyo umo ugonjwa wa maltipo sklerosisi, ambamo kinga ya mwili huushambulia utando unaozifunika neva za ubongo na uti. Madaktari wa London walianza kuuonyesha kwa MRI mwaka 1981, na kanuni za utambuzi zilizotolewa mwaka 2001 zimeuhesabu uti miongoni mwa sehemu za kutafutia madoa yake. Madoa hayo kwa kawaida ni mafupi, hayafiki urefu wa pingili mbili, na aghalabu hukaa shingoni. Yakifika pingili tatu au zaidi, daktari huwaza ugonjwa mwingine unaofanana nao, neuromielaitisi optika, ambao kingamwili yake iligunduliwa mwaka 2004. Kuchanganya hayo mawili ni hatari, kwani baadhi ya dawa za ule wa kwanza humzidishia maradhi mgonjwa wa huu wa pili.

Tusidanganyane, hata hivyo. Anayepooza miguu Tandika huenda ana kifua kikuu cha pingili, au kichocho, au upungufu wa vitamini B12. Huko Tarime, mwaka 1985, wakati wa ukame, muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha uliwapoozesha watu kwa ugonjwa uitwao konzo, ambao kwa kawaida hauachi doa katika picha. Kwa hiyo hata picha safi ya uti mzima humpa daktari njia; picha safi ya kiuno peke yake haimpi.

Twaziomba Wizara za Afya za pande zote mbili za Muungano ziagize kwamba penye dalili za uti, fomu itaje uti mzima pamoja na ubongo. Panapotozwa kwa vipande, shingo mbali na kifua mbali, bei iangaliwe upya, na utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 usiisahau picha hii. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za maltipo sklerosisi katika orodha ya dawa muhimu. Mojawapo, rituksimabu, hutumika pia kwa saratani za tezi. Wanaosimamia bohari za dawa waanze kuipigia hesabu.