Mtoto Anapopelekwa Mbali Kutibiwa

Leo tungependa kufikiri pamoja juu ya wazazi wanaoambiwa na daktari, "Mtoto wenu aweza kupona, lakini si hapa."

Wako watoto wanaozaliwa na tundu moyoni. Mtoto wa namna hiyo aweza kuchoka akinyonya, asiongeze uzito vizuri. Wengine huugua moyo baadaye, kwa sababu ya maumivu ya koo yasiyotibiwa. Mara nyingi, ili moyo ufunguliwe na kutengenezwa, yahitajika mashine ya kufanya kazi ya moyo na mapafu kwa muda, pamoja na madaktari na wauguzi waliofundishwa kazi hiyo. Pasipo na hayo, mtoto hana budi kusafiri.

Mwaka 1995 Daktari Ami Cohen alianzisha huko Israeli shirika la Save a Child's Heart, ambalo huwatibu watoto hao katika Hospitali ya Wolfson mjini Holon. Wametoka Ethiopia, Zanzibar, Gaza na kwingineko. Wako wanaosafiri na muuguzi tu, mama akibaki nyumbani akihesabu siku.

Hapo twamkumbuka mama yake Musa. Alimweka mtoto mtoni katika kisafina kwa sababu alimpenda, na dada mtu akasimama mbali akimwangalia. Basi tusiseme kwamba mama wa namna hiyo amemtupa mwanawe. Tumsaidie kuwatunza wadogo waliobaki, na mtoto akirudi tuhakikishe anapelekwa kliniki kupimwa.

Lakini ndege hubeba watoto wachache, na wengi hubaki. Kwa sababu hiyo shirika hilo hufundisha madaktari pia. Cohen alifariki mwaka 2001 alipokuwa akipanda Mlima Kilimanjaro, lakini kazi yake haikufa. Daktari Godwin Godfrey wa Mwanza alijifunza Wolfson miaka kadhaa, kisha akarudi Tanzania kuwapasua watoto. Mwaka 2015 Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilianzishwa Dar es Salaam. Mtoto wa Tanzania anayepasuliwa huko hahitaji kutoka nchini, na mama yake aweza kuwa karibu.

Ndugu zetu, tunapofanya harambee kwa ajili ya nauli ya mgonjwa, tukumbuke pia karo ya kijana anayetaka kusomea udaktari. Nauli humponya mmoja. Karo hiyo yaweza kuwaondolea wengi safari.