Mimea Tiba na Maambukizi kwa Wagonjwa wa Saratani

Tibakemikali, yaani dawa kali zinazoua seli zinazogawanyika upesi, haziui seli za saratani peke yake, bali hupunguza pia neutrofili, ambazo ni seli nyeupe za damu zinazotangulia kupambana na vimelea. Zinaposhuka chini ya 500 katika kila maikrolita ya damu, bakteria waliokuwa wakiishi kwa amani utumboni mwa mgonjwa huweza kuingia katika damu na kumuua, na fangasi aina ya Kandida humtandia utando mweupe kinywani hata akashindwa kumeza.

Kwa wakazi wengi wa Kinondoni na Temeke jijini Dar es Salaam, kuanzia Bunju hadi Mbagala, dawa iliyo karibu ni mwarobaini ulioota uani, majani ya mpera au magome ya mzambarau, wala si haki kuibeza. Majaribio ya maabara yameonyesha mara nyingi kwamba dondoo za mimea hiyo huzuia ukuaji wa Stafilokokasi, bakteria wa majipu na vidonda. Na sababu mojawapo ni tanini, ile kemikali inayoleta ukakasi mtu atafunapo jani la mpera, ambayo hushikamana na protini za kimelea na kuvuruga kazi zake.

Lakini kinachoua bakteria katika kisahani cha maabara hakina budi kupita tumboni na kwenye ini kabla ya kufika katika damu, na huenda kikafika kikiwa kidogo mno, au kikabadili nguvu ya dawa za saratani zinazochakatwa na ini hilohilo. Zaidi ya hayo, unga wa magome yaliyoanikwa chini hubeba vijimea vya ukungu na bakteria wa udongo, ambao mtu mwenye afya huwahimili, ilhali asiye na neutrofili za kutosha hawezi.

Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili imekuwa ikichunguza mimea tangu mwaka 1974, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 iliunda baraza la kuwasajili waganga. Kinachohitajika zaidi sasa ni kuipima mimea hiyo dhidi ya vimelea sugu vinavyotoka kwa wagonjwa wa saratani wenyewe.

Wakati huohuo, mgonjwa aliye katika tibakemikali akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, ndugu zake wasimchemshie majani kwanza: wamfikishe hospitali saa ileile, na kama alikwisha kunywa dawa ya miti, waichukue na kumwonyesha daktari.