Uzoefu hauuzwi dukani: Marubani wa akiba wanavyolifaa jeshi la Marekani

UMEWAHI kutuma maombi ya kazi ukaambiwa wanataka mtu mwenye uzoefu wa miaka mitano? Bila shaka ulijiuliza: sasa huo uzoefu nitautoa wapi na hakuna anayeniajiri?

Basi jua kwamba Jeshi la Anga la Marekani, na mabilioni yake yote, linaumizwa kichwa na swali hilo hilo. Mwaka 2017 wakuu wake walikiri kuwa walipungukiwa na marubani takriban 2,000, wengi wao wa ndege za kivita.

Utasema, si wafunze wengine tu? Pesa kwanza. Utafiti wa shirika la RAND wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa kumwandaa rubani wa F-16 hugharimu dola milioni 5.6, na wa F-22 dola milioni 10.9.

Lakini hata pesa zikipatikana, shida kubwa iko kwingine. Kijana akitoka chuoni anajua kurusha ndege, bado hajui kupigana nayo. Hilo hujifunza kikosini, akiruka ubavuni mwa mkongwe. Kwa kawaida, rubani wa ndege ya kivita huhitaji takriban saa 500 angani ndipo ahesabiwe kuwa mzoefu. Kikosi kikijaa wageni watupu, nani atamfunza nani?

Na wakongwe wanaondoka. Rubani hulazimika kutumikia jeshi miaka 10 baada ya kuhitimu mafunzo. Muda ukiisha, mashirika ya ndege za abiria yanamngoja na mshahara mnono, tena analala kwake bila kuhamishwa kila mara.

Hapo ndipo rubani wa akiba anapoingia. Huyu ameacha jeshi la kudumu lakini hajavua magwanda kabisa. Siku kadhaa kwa mwezi hurudi kikosini, na wengi wao siku nyingine hubeba abiria. Huko Texas, wakufunzi wa aina hii wamekuwa wakiwanoa chipukizi bega kwa bega na wenzao wa jeshi la kudumu. Kwingine, vikosi viwili hutumia ndege zile zile, kimoja cha kudumu, kingine cha akiba.

Ujanja mzuri, sivyo? Ila una kikomo. Rubani wa akiba na rubani wa abiria mara nyingi ni mtu yule yule. Vita vikizuka akaitwa, kiti chake kwenye ndege ya abiria kinabaki wazi. Na kila saa anayofunza ni saa asiyojiandaa kwa vita.

Kwa hivyo akiba hainunui uzoefu mpya. Inazuia ule uliopo usipotee. Nawe mwajiri wa kesho, kumbuka: mkongwe anayeondoka si lazima aondoke kabisa. Mwombe hata siku mbili kwa mwezi, akae na kijana aliyeanza jana.