Kratomu: Jani la wagema mpira wa Asia lililogeuzwa kidonge cha ‘kunoa akili’

WAGEMA utomvu wa mpira, wavuvi na wakulima wa kusini mwa Thailand na kaskazini mwa Malaysia wametafuna kwa vizazi kadhaa majani ya mti mmoja wa kienyeji ili wastahimili jua kali na kazi za sulubu. Wathai huuita mti huo kratomu, nao Wamalei huuita ketum. Hii leo majani hayo, yakiwa yamekaushwa na kusagwa, huuzwa katika maduka ya Marekani na katika mitandao ya biashara kama kirutubisho cha mitishamba kinachodaiwa kunoa akili, kufukuza uchovu na kumwezesha mtu kukesha akisoma au akifanya kazi.

Madai hayo yana chembe ya ukweli, na hapo ndipo penye hatari.

Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa kwa kirefu habari za jani linalotafunwa ili kufukuza usingizi, kwani miraa na muguka anavijua. Hata hivyo, anayedhani kratomu ni miraa ya Asia atakuwa amepotoka. Kathinoni, kemikali iliyomo katika miraa, huchangamsha mwili kwa namna inayokaribiana na ile ya amfetamini. Kratomu nayo hubeba kemikali zinazoshika vipokezi vile vile vya ubongo ambavyo hushikwa na mofini na heroini, ijapokuwa nguvu zake ni ndogo na utendaji wake una tofauti. Kwa maneno mengine, anayemeza kidonge hicho akitafuta makini ya kusomea mtihani huwa anabisha mlango ambao afyuni pia hupitia.

Mti wenyewe, ambao wataalamu wa mimea huuita Mitragyna speciosa, ni wa ukoo mmoja na mbuni. Huota katika maeneo yenye unyevunyevu ya Thailand, Malaysia, Indonesia, Myanmar na Papua New Guinea, na waweza kufikia urefu wa mita 25. Kemikali yake kuu, mitrajinini, ilitengwa na wanasayansi mwanzoni mwa karne ya 20. Tangu wakati huo, alkaloidi nyingine zaidi ya 40 zimetambuliwa katika majani hayo. Mojawapo ni 7-hidroksimitrajinini, na yafaa msomaji aliweke akilini jina hilo refu.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba jani hilo hilo huleta matokeo mawili yanayopingana. Watumiaji husimulia kwamba kiasi kidogo, yaani kati ya gramu 1 na 5 hivi za majani makavu, huwatia nguvu, huwafanya wawe wachangamfu na wapende kuzungumza. Wakizidisha hadi kati ya gramu 5 na 15, mambo hugeuka: maumivu hutulia, mwili hulegea, usingizi huja, na mara nyingi kichefuchefu na kufunga choo hufuata. Ni vigumu kusema mpaka uko wapi hasa baina ya hali hizo mbili. Kiasi cha mitrajinini hutofautiana kati ya mti na mti, nchi na nchi, hata kulingana na umri wa jani. Uchunguzi wa miaka ya nyuma ulionyesha kwamba kemikali hiyo ilikuwa takriban asilimia 66 ya alkaloidi zote katika majani ya Thailand, lakini asilimia 12 pekee katika sampuli kutoka Malaysia. Mkulima aliyeuzoea mti ulio nyuma ya nyumba yake aliijua nguvu yake. Aliyenunua pakiti kupitia simu hana njia ya kuijua.

Je, kratomu huongeza umakini kweli? Ushahidi ni haba mno. Sifa nyingi zinazotangazwa zimetokana na masimulizi ya watumiaji na hojaji walizojaza wenyewe, wala hakuna majaribio makubwa ya kitabibu yaliyothibitisha kwamba mtu mwenye afya njema hufikiri vizuri zaidi kwa sababu ya kuitumia. Watafiti wa Malaysia, nchi ambayo imechunguza watumiaji wa muda mrefu kuliko nyingi, walipowapima kumbukumbu watu wanaokunywa maji ya ketum kila siku, waligundua kwamba waliozidisha glasi tatu kwa siku walifanya vibaya katika jaribio moja la kujifunza na kukumbuka mambo mapya. Utafiti huo haukuwa mkubwa, na wengine hawakuonyesha kasoro hiyo. Hata hivyo, matokeo hayo yanakwenda kinyume na ahadi iliyo kwenye kopo.

Utafiti mwingine wa Malaysia, uliochapishwa mwaka wa 2014, uliwahusisha watumiaji 293 wa kila mara. Zaidi ya nusu yao walikuwa na utegemezi mkali. Walipokosa kinywaji hicho walipatwa na arosto: misuli kuuma, macho na pua kutiririka maji, kuhara, usingizi kuwapaa na hasira zisizo na sababu. Kwa mtu aliyeanza kuitumia ili apate nguvu za kazi, mambo huwa yamepinduka, maana sasa huinywa asubuhi ili tu aweze kuamka kitandani.

Haya si mambo mapya kwa Waasia wenyewe. Thailand ilipiga marufuku mti huo kwa sheria ya mwaka wa 1943, ingawa wengi husema lengo la serikali lilikuwa kulinda kodi ya afyuni, kwani watu walianza kuiacha afyuni ya bei ghali na kukimbilia jani la bure. Marufuku hayo hayakuwazuia wanavijiji kulitafuna. Mnamo Agosti 2021 Thailand iliiondoa kratomu katika orodha ya mihadarati, na mwaka uliofuata ikatunga sheria inayokataza kuwauzia watoto wa chini ya miaka 18, wajawazito na mama wanaonyonyesha. Sababu ya tahadhari hiyo ni dhahiri: kuna visa vilivyoripotiwa vya watoto waliozaliwa wakiwa na arosto kwa kuwa mama zao waliitumia wakiwa wajawazito. Tatizo jingine lililoisumbua Thailand ni la vijana wa kusini wanaochanganya maji ya kratomu na soda na dawa ya kikohozi, mchanganyiko ambao haukuwahi kuwa desturi ya wazee wao.

Huko Marekani, ambako sehemu kubwa ya kratomu hutoka Indonesia, hasa Kalimantan Magharibi, mvutano umekuwa mkali. Mnamo Agosti 2016 idara ya kukabiliana na mihadarati, DEA, ilitangaza nia ya kuiweka kratomu katika daraja moja na heroini. Umma ulipiga kelele, na kufikia Oktoba idara hiyo ilikuwa imerudi nyuma. Majimbo kadhaa yaliipiga marufuku, huku mengine, yakitanguliwa na Utah mwaka wa 2019, yakiamua kudhibiti uuzaji wake. Mamlaka ya chakula na dawa, FDA, haijaiidhinisha kutibu ugonjwa wowote, na inashikilia kwamba haifai kuuzwa kihalali kama kirutubisho. Mwaka wa 2018 watu 199 katika majimbo 41 waliugua kutokana na bakteria wa salmonela waliokuwa ndani ya bidhaa za kratomu. Neno ‘asili’ kwenye kibandiko halikuwakinga.

Na vifo je? Hapa inafaa kuwa waangalifu, maana pande zote mbili hutia chumvi. Uchunguzi wa vituo vya kudhibiti magonjwa vya Marekani ulipitia vifo 27,338 vya kuzidisha dawa vilivyotokea kati ya Julai 2016 na Desemba 2017. Kratomu ilipatikana katika miili 152, na katika 91 kati ya hiyo ilitajwa kuwa miongoni mwa visababishi. Ni katika miili saba tu ambapo haikuonekana dawa nyingine. Kwa hivyo, jani peke yake si muuaji wa kutisha kama heroini, lakini likikutana na pombe, dawa za usingizi au dawa za maumivu, hali hubadilika. Nchini Uswidi, watu tisa walifariki kati ya 2009 na 2010 baada ya kutumia bidhaa iliyouzwa kama mchanganyiko wa mitishamba kwa jina Krypton. Maabara iligundua kwamba unga huo ulikuwa na mitrajinini pamoja na kemikali itokanayo na tramadoli, dawa ya maumivu ambayo Wakenya wengi wanaijua. Wanunuzi hawakuambiwa.

Sasa turudi kwa lile jina refu. Katika jani bichi, 7-hidroksimitrajinini huwa kidogo sana, karibu haionekani. Nyingine hutengenezwa na ini baada ya mtu kumeza mitrajinini. Miaka ya karibuni, wafanyabiashara wameanza kuizalisha kwa wingi na kuiuza ikiwa vidonge, peremende na chupa ndogo za kinywaji, huku picha ya jani la kijani ikiwa imepamba pakiti. Nguvu yake katika vipokezi vya afyuni inaizidi mofini. Mnamo Julai 2025 FDA ilipendekeza bidhaa za namna hiyo zidhibitiwe kama mihadarati, ikieleza wazi kwamba haikuwa ikililenga jani lenyewe. Kwa maoni ya mwandishi huyu, tofauti hiyo ilipaswa kuwekwa mapema zaidi, kwa kuwa anayetafuna jani na anayemeza kidonge hicho hawatumii kitu kimoja, hata kama jina ni lile lile.

Shirika la Afya Duniani lilikutanisha wataalamu wake kuhusu suala hili mnamo Oktoba 2021. Waliamua kwamba ushahidi uliokuwapo haukutosha kuingiza kratomu katika mchakato wa udhibiti wa kimataifa, lakini wakaagiza iendelee kufuatiliwa.

Kwa anayeshawishiwa na matangazo ya mtandaoni hapa nchini, jambo la kwanza ni kuchunguza kama bidhaa hiyo imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, ambayo ndiyo husajili dawa, zikiwemo za mitishamba. La pili lawahusu wanaotumia dawa nyingine. Mitrajinini huzuia kimeng’enya cha ini kinachovunjavunja dawa nyingi, zikiwemo baadhi ya zile za msongo wa mawazo na za maumivu, hivyo dawa hizo zaweza kurundikana mwilini kupita kiasi. Aidha, kwa kuwa mitrajinini yenyewe hukaa mwilini kwa muda mrefu, pengine zaidi ya siku nzima, anayeongeza kidonge kila baada ya saa chache huwa anarundika juu ya kile ambacho hakijatoka.

Aliyekwisha kuizoea asiiache ghafla bila ushauri, bali amwone daktari ili apunguze kidogo kidogo. Tena amtajie kwa jina kile anachokitumia, kwa sababu vipimo vya kawaida vya mkojo vya kutafuta mihadarati havionyeshi kratomu, na daktari asiyeambiwa hatakuwa na njia ya kuishuku.