Fahamu: Msitu wa umma ukiuzwa, wanaotembeza mbwa hupoteza nini?

Januari 2011, serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kuuza au kukodisha misitu ya umma ya England, yenye ukubwa wa zaidi ya hekta 250,000. Wananchi walikuja juu.

Nani angeumia?
Familia, waendesha baiskeli, wapanda farasi, na wote wanaotembeza mbwa wao humo kila siku bila kulipa kiingilio.

Kwani sheria haiwalindi?
Inawalinda nusu. Sheria ya mwaka 2000 inatoa haki ya kutembea kwa miguu katika misitu iliyotengwa kwa ajili hiyo. Mbwa anaruhusiwa, ila kuanzia Machi 1 hadi Julai 31 lazima afungwe kamba fupi. Baiskeli na farasi hazimo. Wala mmiliki halazimiki kuweka maegesho. Akifunga lango la maegesho, mzee anayefika kwa gari na mbwa wake anabaki na haki ya kwenye karatasi tu.

Mpango uliishia wapi?
Zaidi ya watu 500,000 walitia saini kuupinga. Februari 17, 2011, Waziri wa Mazingira, Caroline Spelman, aliufuta na kuomba radhi bungeni. Mwaka 2012, jopo huru chini ya Askofu wa Liverpool, James Jones, lilipendekeza misitu hiyo ibaki mali ya umma.

Funzo ni lipi?
Msitu wa umma ukitajwa kuuzwa, uliza mapema: nani atatunza njia, na nani atashika ufunguo wa lango? Ukisubiri mkataba utiwe saini, umechelewa.