Kifurushi Kimechelewa: Tumkasirikie Nani?



Malalamiko juu ya vifurushi yamekuwa mengi katika matawi yetu. Zamani mtu akitaka kutuma kitu nyumbani alimpa jirani anayesafiri, au alimkabidhi dereva wa basi mkononi na kumwomba Mungu. Siku hizi kila mji una ofisi za vifurushi, na ukutani zimeandika "haraka" na "kesho". Tunalipa pesa yetu, tunapewa karatasi, tunangoja. Kesho inafika bila mzigo. Tunapiga simu, tunaambiwa mzigo uko njiani. Kesho kutwa tunaambiwa maneno yale yale.

Katika ukurasa huu tunataka kueleza kifurushi kinapita wapi, kinakwama wapi, na kwa nini yule anayekuletea mlangoni mara nyingi si mwenye kosa. Tunaeleza kwa sababu ya jambo lililotokea katika tawi letu la mashamba ya miwa upande wa Jinja, ambalo nusura limwage damu.

JAMBO LENYEWE

Mwenzetu mmoja mkata miwa ana binti wa miaka tisa mwenye ugonjwa wa selimundu. Mtoto huyo hunywa dawa kila siku, na dawa hiyo haipatikani kwetu kila mara. Ndugu wa mwenzetu huyo aliye Kampala aliinunua, akaipeleka ofisi ya vifurushi Jumatatu asubuhi. Karani akamwambia: "Kesho saa sita itakuwa imefika." Kutoka Kampala mpaka Jinja ni kama kilomita 80. Hata mtu wa baiskeli angefika kwa siku moja.

Jumanne haikuja. Jumatano haikuja, na dawa ya nyumbani ikaisha. Baba alipiga simu mara tatu, kila mara akila pesa ya chakula, na kila mara alijibiwa kwa adabu kwamba mzigo uko njiani. Alhamisi usiku mtoto akashikwa na maumivu makali ya mifupa, akapelekwa hospitali. Hatuwezi kusema kwa hakika kwamba ni kwa kukosa dawa, maana ugonjwa huo humshika mtu hata akiwa na dawa. Lakini baba aliyekesha kando ya kitanda hakuwa na hesabu nyingine kichwani.

Ijumaa saa nne kijana wa pikipiki akaingia kambini na kile kifurushi. Watu walikuwa wanamngoja. Wakamzunguka, pikipiki ikaangushwa, kioo kikavunjika, na mmoja wetu tayari alikuwa ameinua panga la kazi. Katibu wa tawi akaingia katikati akasema: "Ndugu, tumsikilize kwanza. Kama ni kumpiga, hakimbii."

Tukamsikiliza. Kijana yule alikuwa amekabidhiwa kifurushi asubuhi ile ile, saa mbili. Kabla ya hapo hakuwa amekiona.

KIFURUSHI KINAPITA WAPI

Wiki iliyofuata tulituma watu watatu mpaka ofisi ya mjini kuuliza. Makarani wenyewe, bosi wao alipotoka, walitueleza vizuri. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza ni dirisha la kupokelea. Kila ofisi ina saa ya mwisho ya kupokea mizigo ya gari la siku ile. Ukifika baada ya saa hiyo, mzigo wako ni wa gari la kesho, na hapo siku moja imekwisha potea kabla ya safari kuanza. Wengi wetu hatuambiwi. Karani anahesabiwa kwa mizigo aliyopokea, hahesabiwi kwa iliyofika.

Pili ni bohari. Usiku vifurushi vyote hukusanywa na kugawanywa kwa miji. Hii ni kazi ya mikono, na wengi wanaoifanya ni vibarua wa usiku. Kifurushi kimoja kikitupwa kwenye rundo la Mbale badala ya rundo la Jinja, kitakwenda Mbale na kurudi.

Tatu ni gari. Kampuni ndogo hazipendi kutoa gari nusu tupu. Likikosa kujaa, linangoja. Mvua na gari bovu huongeza siku, lakini mara nyingi kinachongojwa ni faida.

Nne ni ofisi ya mji wa mwisho, na hapa ndipo kifurushi chetu kilipolala. Kilifika Jumanne jioni. Tarakimu moja ya simu ya baba ilikuwa imeandikwa vibaya, saba ikasomwa kuwa moja. Karani akapiga mara moja, hakupata mtu, akakiweka kwenye rafu. Huku kwetu kambini hakuna majina ya njia wala nambari za nyumba. Nambari ya simu ndiyo anwani, na ikikosewa ni kama mtu hayupo duniani. Karani yule alikuwa anakusudia kupiga tena. Lakini ofisi iliyokuwa na makarani watatu siku hizi ina mmoja, na yeye ndiye anayepokea, anayeandika, anayepanga rafu na anayefagia. Hakurudi kwenye rafu ile mpaka Alhamisi jioni, pale ndugu aliyetuma alipokwenda dirishani Kampala na risiti mkononi, akakataa kuondoka.

Tano ni hatua ya mwisho, kutoka ofisi mpaka mlangoni. Hatua hii ndiyo ghali kuliko zote. Gari moja kutoka Kampala hubeba vifurushi vingi kwa safari moja na kwa dereva mmoja. Lakini kutoka ofisi ya mji mpaka kambi zetu, mtu mmoja hupeleka kimoja kimoja, na kila kimoja kina njia yake na mwenyewe wa kutafutwa. Kwa hiyo hapo ndipo kampuni hutafuta mtu wa kubebeshwa gharama.

Kijana yule pikipiki ni yake na petroli ni yake. Hulipwa kwa kila kifurushi kilichopokelewa na kutiwa sahihi. Asipomkuta mtu, hapati kitu, na petroli imekwisha ungua. Kifurushi kikipotea, anakatwa. Akiugua, ni shauri yake. Katika karatasi aliyotia sahihi imeandikwa kwamba yeye si mfanyakazi, ni "mshirika". Sisi tunaolipwa kwa miwa tuliyokata tunaijua hesabu ya namna hiyo: mvua ikinyesha, hasara ni ya mkata miwa.

KWA NINI SIMU HAISAIDII

Wengi wetu tumewahi kumtukana yule anayejibu simu. Tujue anachokiona. Yeye haoni rafu. Anaona kioo cha kompyuta, na kioo hicho huonyesha mara ya mwisho mtu alipopitisha mashine juu ya kifurushi. Chetu kilipitishwa Kampala Jumatatu. Huku karani mmoja hakuwahi kukipitisha. Basi siku zote kioo kilisema kimetoka Kampala, na mjibu simu akatafsiri, kama alivyofundishwa: "Kiko njiani."

Mara nyingi mjibu simu si mwajiriwa wa kampuni ile. Ameajiriwa na kampuni nyingine ya kujibu simu tu, anakaa mji mwingine, na dakika zake zinahesabiwa. Akikaa sana na mtu mmoja anaulizwa kwa nini. Bohari hana nambari yake. Amewekwa pale kama turubali: mvua ya hasira zetu inamnyeshea yeye, na wakubwa waliokaa chini yake hawapati hata tone.

WENZETU WA NCHI NYINGINE

Tusidhani kwamba nchi tajiri zimelimaliza jambo hili. Nako ahadi huuzwa dirishani na kulipwa na mtu wa mwisho.

Huko Uingereza kampuni ya DPD ilikuwa ikimtoza dereva pauni 150 kwa siku kama hakufika kazini wala kuleta mtu wa kushika nafasi yake. Dereva mmoja wa miaka 53, mgonjwa wa kisukari, aliwahi kutozwa kwa siku aliyokwenda kumwona daktari. Baada ya hapo aliacha kwenda miadi mingine ya hospitali. Alikufa Januari 2018. Watu wengi walipolisikia walikasirika. Machi 2018 kampuni ilitangaza kuifuta faini ile, na kwamba madereva wataweza kuchagua masharti yenye likizo na malipo ya ugonjwa.

Mwaka huo huo, mwezi wa Juni, mahakama ya kazi ya mji wa Leeds iliamua kwamba matarishi wa kampuni ya Hermes waliofungua kesi kwa msaada wa chama cha GMB walikuwa na haki za wafanyakazi, yaani kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo. Kampuni ilikuwa inasema hao ni watu wa kujitegemea. Februari 2019 kampuni na chama wakafanya mapatano kwa wale watakaotaka masharti mapya. Kampuni hiyo leo inaitwa Evri.

Marekani, tarehe 4 Agosti 1997, wafanyakazi 185,000 wa kampuni ya UPS, wanachama wa chama cha Teamsters, waligoma siku 15. Walidai kwamba kampuni imejaza watu wa saa chache badala ya kuajiri watu wa kutwa nzima. Vifurushi vililala, na wateja walipata shida kweli. Hata hivyo wananchi walipoulizwa maoni, waliowaunga mkono wafanyakazi walikuwa wengi kuliko waliounga mkono kampuni. Sababu moja ni kwamba watu walimjua dereva wao kwa sura, waliona anavyokimbia. Mgomo ulipokwisha, kampuni ilikubali kufungua nafasi 10,000 za kutwa nzima. Na katika mkataba uliopitishwa Agosti 2023, wafanyakazi hao walipata sharti la magari mapya kuwekewa mashine za kupoza hewa, baada ya madereva kuugua kwa joto.

Funzo tunalolipata ni kwamba mteja atambue kuwa mtu aliyechelewesha mzigo wake ndiye yule yule anayemnyonya mbebaji wa mzigo. Ofisi iliyotuuzia "kesho" ilijua kwamba ina karani mmoja. Kosa liko hapo, na hasira yetu ielekezwe hapo.

TUFANYE NINI

Tawi letu limekubaliana mambo haya, na tunayashauri kwa wengine:

1. Andika nambari mbili za simu za mpokeaji na moja ya mtumaji, kwa wino na tarakimu kubwa. Andika nje ya kifurushi na pia kwenye karatasi ndani yake.

2. Usiulize tu "kitafika lini". Uliza gari la leo linaondoka saa ngapi na kama mzigo wako utapanda gari hilo.

3. Kama ni dawa, hati za mahakama au karatasi za fidia, sema, na iandikwe kwenye risiti pamoja na thamani. Kisichoandikwa hakitalipwa kikipotea.

4. Kikichelewa, mtumaji arudi dirishani na risiti. Dirishani pana mtu anayeweza kupiga simu bohari. Andika siku, saa, na maneno uliyojibiwa.

5. Wasipokusikia, andika barua kwa meneja, ubaki na nakala. Wasipojibu, peleka malalamiko kwa serikali. Uganda, leseni za kampuni za vifurushi hutolewa na Tume ya Mawasiliano, UCC. Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano, na Tanzania ni TCRA. Chama kitakusaidia kuandika.

6. Mtu asimguse mleta mzigo. Atakayempiga atajibu mbele ya tawi.

Kwa upande wetu tuliandika barua, na watu wa kambi nzima wakatia sahihi au dole gumba. Ilichukua wiki mbili na safari tatu. Kampuni ilirudisha malipo ya usafirishaji. Ikakubali pia kwamba dawa zitawekwa rafu ya peke yake, na simu ya mpokeaji isipopatikana, mtumaji atapigiwa siku ile ile. Karani wa pili hawajamleta. Hilo tunaendelea kulidai, na karani yule anajua kwamba tunalidai.

Kijana wa pikipiki tulimchangia kioo kipya, na aliyeshika panga ndiye aliyetoa wa kwanza. Jumapili iliyofuata alikuja tena kambini bila mzigo wowote, pamoja na wenzake wanne wa kazi ile ile. Waliuliza kama mtu anayeitwa "mshirika" anaweza kuingia chama. Tuliwaambia waketi.

Mtoto ametoka hospitali na amerudi shule. Tulimwuliza baba yake kama bado ana hasira. Akasema anayo, ila sasa anajua aipeleke ofisi gani.